Mtu wa Mshahara Ambaye Hakukimbia

  Ninyi mnaojitayarisha kwenda kazini, na ninyi mliotoka kazi ya usiku na macho yamejaa usingizi, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Somo letu la leo limo katika Injili ya Yohana, mlango wa 10. Humo Bwana Yesu anatuonyesha watu wawili wanaochunga kondoo. Mmoja ni mchungaji mwenyewe, na wa pili ni mtu wa mshahara. Wakati wa amani huwezi kuwatofautisha, maana wote wawili wanashika fimbo, na wote wawili wanatembea mbele ya kundi. Tofauti yao huonekana siku mbwa mwitu anapotokea. Yule wa mshahara hujiponya mwenyewe na kuliacha kundi, kwa kuwa kondoo si wake. Mchungaji mwema hubaki, hata ikiwa kubaki kutamgharimu maisha yake.

Ndugu msikilizaji, labda umewahi kusoma maneno hayo ukajiuliza, “Na mimi je? Mimi si mtu wa mshahara? Kiwanda si changu, duka si langu, shamba la chai si langu. Mwisho wa mwezi napokea kidogo changu na kwenda nyumbani. Hatari ikija, yanihusu nini?” Ni swali la haki. Basi leo nataka kuwasimulia habari ya kweli ya mtu wa mshahara ambaye mbwa mwitu alikuja mbele ya macho yake, naye hakukimbia. Mbwa mwitu mwenyewe alikuwa moto.

Habari hii ilitokea katika jiji la New York, Marekani, siku ya Jumamosi, tarehe 25 Machi 1911. Palikuwa na nyumba ya orofa 10, na orofa tatu za juu kabisa, yaani ya 8, ya 9 na ya 10, zilikuwa za kiwanda cha kushona blauzi za wanawake. Kiwanda hicho kiliitwa Triangle. Wafanyakazi wake walikuwa kama 500, na wengi wao walikuwa wasichana, Wayahudi na Waitalia, waliohamia Marekani pamoja na jamaa zao kutafuta riziki. Wengine hawakuwa wametimiza hata miaka 16. Walikaa wamebanana kwenye safu ndefu za cherehani, saa nyingi kila siku, na Jumamosi pia ilikuwa siku ya kazi.

Yapata saa kumi na dakika 40 jioni, wakati watu walipokuwa wakijitayarisha kurudi nyumbani, moto ulianza katika orofa ya 8. Ulianzia kwenye pipa la vipande vya nguo chini ya meza ya kukatia. Wakuu wa zima moto walidhani kwamba mtu alitupa hapo kiberiti au kipande cha sigara kabla ya kukizima. Hebu fikirini, jambo dogo kama hilo! Lakini juu ya meza palikuwa na vitambaa, na juu ya vitambaa zilining'inia karatasi za kupimia mitindo. Moto ukapanda kama unaoitwa. Wanaume walikimbilia mpira wa maji uliokuwa tayari kwa kazi hiyo. Walipofungua, maji hayakutoka.

Mtu mmoja wa orofa ya 8 alipiga simu orofa ya 10, walikokuwa wenye kiwanda na makarani. Wale wa orofa ya 10 wakapata habari. Wakapanda juu ya paa, na karibu wote waliokoka. Jirani yao palikuwa na chuo cha sheria, na mwalimu mmoja pamoja na wanafunzi wake waliteremsha ngazi juu ya paa lile wakawavuta watu upande wao. Wale wa orofa ya 8 nao, wengi wao waliteremka kwa ngazi wakapona.

Lakini orofa ya 9 hawakuambiwa kitu. Katikati ya waliokuwa juu yao na waliokuwa chini yao, waliendelea na kazi mpaka walipouona moto wenyewe madirishani. Walikimbilia mlango wa ngazi za upande mmoja wakakuta umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda walikuwa na desturi ya kuufunga ili kila mfanyakazi apitie mlango mwingine na kupekuliwa mkoba wake, asije akaondoka na kipande cha kitambaa. Ngazi za upande wa pili zilikuwa zimejaa moto na moshi. Nje ya nyumba palikuwa na ngazi ya chuma, dhaifu. Ilipinda na kuanguka pamoja na watu waliokuwa juu yake. Magari ya zima moto yalifika upesi, lakini ngazi zao ndefu ziliishia orofa ya 6.

Ilibaki njia moja tu, nayo ni lifti.

Lifti za siku zile hazikuwa za kubonyeza kidude na kwenda. Kila lifti ilikuwa na mtu wake wa kuiendesha, aliyesimama ndani siku nzima akipandisha watu na kuwashusha. Katika upande ule walikuwako wafanyakazi wawili wa kazi hiyo. Mmoja aliitwa Joseph Zito, na mwenzake Gaspar Mortillaro. Hawakuwa mabwana wakubwa. Hawakuwa askari wa zima moto, wala hakuna aliyewafundisha kuokoa watu. Walikuwa watu wa mshahara, wenye kazi ambayo wengi waliiona ndogo. Labda wale wasichana waliwahi kuwaona, labda wakawaamkia, labda wakapita tu.

Walisikia kelele wakapandisha lifti zao. Mlango wa lifti ulipofunguka, wasichana walijitupa ndani, wakajaa kupita kipimo cha lifti yenyewe. Wakashushwa hadi chini, wakatoka, wakakimbilia barabarani wakiwa hai.

Wapenzi wasikilizaji, hapa naomba tusimame kidogo. Wakati ule Joseph Zito yuko chini. Amekwisha fanya jambo jema. Miguu yake iko karibu na mlango wa barabara, na nje kuna hewa safi. Kama angetoka wakati ule, nani angemlaumu? Angeweza kusema, “Nimefanya niliyoweza.” Mara ya kwanza alipopanda, pengine hakujua moto ni mkubwa kiasi gani. Lakini sasa ameuona, na joto lake amelisikia usoni.

Akafunga mlango wa lifti, akapanda tena.

Na mwenzake Mortillaro vilevile. Walipanda wakashuka, wakapanda wakashuka. Mara tatu walifika orofa ya 9 katikati ya moshi na moto, na kila safari walirudi na watu. Mwishowe joto lilipinda vyuma vilivyoongoza lifti ya Mortillaro, ikashindwa kwenda. Zito akabaki peke yake. Huko juu, wale waliobaki hawakuweza kungoja tena. Waliufungua kwa nguvu mlango wa lifti na kuruka katika shimo lake, wengine wakijaribu kuteremka kwa kushika kamba za chuma. Waliangukia juu ya lifti ya Zito, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikapinda kwa uzito wao. Haikuweza kupanda tena.

Kwa muda usiozidi nusu saa moto ulikuwa umekwisha zimwa. Watu 146 walikufa, wanawake na wasichana 123 na wanaume 23. Makumi yao waliruka madirishani mbele ya macho ya watu waliojaa barabarani. Lakini wako wengi waliorudi kwa mama zao jioni ile, wakaolewa, wakazaa, wakaona wajukuu, kwa sababu mtu wa mshahara hakutosheka na safari moja.

Ndugu zangu, tujifunze nini katika habari hii?

Kwanza, upendo wa kweli huonekana katika safari ya pili. Kumtembelea mgonjwa mara moja si vigumu. Kumchangia mwenzako aliyefiwa siku ya maziko si vigumu, maana watu wote wapo na majina yanasomwa. Lakini mwezi wa tatu, wakati mjane amebaki peke yake na karo ya watoto, ni nani anayerudi? Yule kijana wa kazini kwenu anayeangamia kwa pombe, ulisema naye mara moja akakutukana. Je, ulirudi? Wazee wetu walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Yule Msamaria katika Injili ya Luka hakumfunga tu mtu aliyejeruhiwa vidonda vyake na kwenda zake. Alimpeleka kwenye nyumba ya wageni, akamlipia, na akaahidi kwamba katika kurudi kwake atalipa kilichozidi. Kuahidi kurudi kulikuwa sehemu ya rehema yake.

Pili, Mungu hutumia kile kilichomo mkononi mwako. Zito alitumia lifti, kazi yake ya kila siku. Siku ya hatari, ile kazi ndogo iligeuka kuwa mlango wa uzima. Wewe ni bawabu, au dereva wa matatu, au mpishi wa shule, au mwangalizi wa mashine. Usiidharau kazi yako. Ijue vizuri, ifanye kwa uaminifu, kwa kuwa hujui ni siku gani uhai wa mwenzako utategemea wewe kuijua. Wala simwambii mtu yeyote ajitupe motoni bila akili. Siku hizi twafundishwa tusitumie lifti nyumba inapowaka, na fundisho hilo ni la kweli. Mmesikia yaliyozipata lifti zile. Pengine msaada wako utakuwa kupiga kelele mapema, kumshika mkono mwenzako asiyeona vizuri katika moshi, au kuhesabu watu waliotoka na kusema, “Fulani hayupo.” Hata kupiga simu ni msaada. Ile orofa ya 9, mngepatikana mtu mmoja wa kuwaambia mapema, wengi wangepona.

Tatu, tuseme habari za ufunguo. Kila ninapofikiri juu ya moto ule, naona milango miwili. Mmoja ni mlango wa lifti, uliofunguliwa tena na tena na maskini wawili. Mwingine ni mlango wa ngazi, uliofungwa kwa sababu ya vipande vya kitambaa. Tusiseme kwamba wenye kiwanda walitaka watu wafe, hapana. Waliogopa kuibiwa. Lakini mtu akiogopa kupoteza kitambaa kuliko anavyoogopa kupoteza watu, amekwisha kufunga mlango, hata kabla ya kugusa ufunguo. Wenye kiwanda walishtakiwa mahakamani, na mnamo Desemba 1911 wakaachiliwa. Mwaka 1914 jamaa za wafu waliodai walilipwa dola 75 kwa kila mtu aliyekufa. Na mwaka 1913 mmoja wa wale wenye kiwanda alikamatwa tena kwa kosa lile lile, kufunga mlango wa kiwanda wakati watu wamo kazini. Akatozwa faini ya dola 20. Tazameni jinsi moyo wa mwanadamu ulivyo mgumu!

Lakini wengine walijifunza. Barabarani siku ile alikuwako mama mmoja kijana, Frances Perkins, aliyewaona wale wasichana wakiruka. Hakusahau. Alifanya kazi na tume iliyochunguza viwanda vya jimbo la New York, na sheria nyingi zikatungwa juu ya milango, ngazi na vyombo vya kuzimia moto. Mwaka 1933 alifanywa waziri wa kazi wa Marekani, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la nchi ile. Naye alirudi juu kwa njia yake mwenyewe.

Nasi hapa Kenya mlango ule tunaujua. Mwezi wa Machi 1998, wasichana 26 wa shule ya Bombolulu huko Pwani waliteketea bwenini. Mwezi wa Machi 2001, wavulana 67 wa Kyanguli, Machakos, waliteketea vivyo hivyo. Mara zote mbili wazazi waliambiwa habari za mlango uliofungwa. Sheria yetu ya usalama na afya kazini, ya mwaka 2007, inataka mlango wa mahali pa kazi uweze kufunguliwa mara moja kutoka ndani wakati watu wamo. Lakini sheria haina mikono. Mikono ni yako na yangu.

Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya azungushe ukuta mdogo kwenye paa, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Yaani Mungu wetu anajishughulisha na ukuta wa paa! Kwake, ukuta ule ni ibada kama zaburi. Basi wewe mwenye kiwanda, mwenye duka, mwalimu mkuu, mzee wa kanisa unayeshika funguo, kesho asubuhi nenda ukatazame mlango wa nyuma. Je, unafunguka? Au umezibwa kwa magunia na viti vibovu? Ile chupa ya kuzimia moto ukutani, ina dawa au ni pambo? Na wewe mfanyakazi, ukiona mlango umefungwa, sema kwa adabu, lakini sema. Ukisema na wenzako, mtasikiwa zaidi.

Nne, na hili nalisema kwa ajili ya mtu mmoja anayesikiliza kwa machozi. Zito hakuwaokoa wote. Lifti yake ilipokataa, kelele za juu hazikuwa zimekwisha. Labda nawe ulijaribu kumwokoa mtu, ukashindwa. Ulimkimbiza mtoto hospitali ukafika umechelewa. Ulimshika mwenzako mkono katika ajali, naye akakuponyoka. Tangu siku ile unajiuliza, “Ningeenda mara moja zaidi?” Ndugu yangu, dada yangu, Mungu hakukuita uwe mwokozi wa wote. Mwokozi yuko mmoja. Wewe uliitwa kuwa mwaminifu mpaka vyuma vilipopinda. Waliobaki waweke mikononi mwake, kwa maana mikono yake inafika mahali ambapo ngazi zetu haziwezi kufika.

Kwa maana ndivyo alivyo Kristo. Wale watu wa lifti waliacha usalama wa chini wakapanda kwenye moto. Bwana wetu aliacha utukufu wa juu akashuka kwetu. Danieli anatueleza juu ya vijana watatu waliotupwa katika tanuru, na mfalme alipotazama aliona wanne wakitembea. Mungu hakupiga kelele kutoka mbali, aliingia. Na katika ule mlango wa 10 wa Yohana, huyu Mchungaji Mwema anajilinganisha pia na mlango, na kwa yeye watu huingia na kutoka na kupata malisho. Mlango huu hakuna aliyeufunga kwa kuogopa kuibiwa. Kama moto wa dhambi au wa kukata tamaa unakuzunguka asubuhi hii, njoo. Ulipomkataa mara ya kwanza hakwenda zake. Amepanda tena.

Na tuombe.

Ee Baba yetu, tunakushukuru kwa watu wadogo wa duniani waliorudi kuwatafuta wenzao. Wakumbuke wafanyakazi wote leo, viwandani, mashambani, jikoni na barabarani, uwalinde na moto na kila hatari. Wafariji wanaowalilia watoto wao waliokufa motoni. Utupe mikono ya kufungua milango, na macho ya kuona ule tuliousahau. Na siku ya hatari ikija, usituache tukimbie kama watu ambao kondoo si wao, kwa kuwa kila mtu tunayefanya naye kazi ni wako. Katika jina la Yesu Kristo, Mchungaji Mwema. Amina.

Nendeni kazini kwa amani, na Bwana awe pamoja nanyi.